Kijikasha cha Mlangoni kwa Bi Naima

Niliondoka Dallas kwenda Houston kwa sababu mama mmoja wa miaka karibu sabini alikataa kutenganishwa na masanduku yake. Bintiye alimwambia apande ndege, mizigo itafuata. Akasema hapana. Akapigia simu makampuni matatu ya kuhamisha vyombo, yote yakamjibu kwamba abiria hapandi lori. La nne lilikuwa langu mimi.

Nyinyi mlioko Mombasa mnanijua. Shule niliiacha darasa la tano, na huku nilifika na begi moja lililoshonwa mkono kwa uzi wa gunia. Nikaosha vyungu, nikabeba sofa za watu, nikabeba tena. Leo nina malori matatu na yadi yangu Grand Prairie, na jina langu limeandikwa ubavuni mwa kila lori kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Piano nimeteremsha kutoka ghorofa ya tatu bila kukwaruza ukuta. Nikimaliza kuhamisha nyumba, ukutani haubaki hata msumari. Wasomi wengi wa huku wamenikabidhi vitu vyao wakalala usingizi. Basi mama mmoja na masanduku yake angenishinda nini?

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2002. Katika simu niliisikia sauti yake, ina lafudhi ya Kiarabu, akasema anaitwa Naima. Mimi nina shangazi Naima. Nikamtolea salamu kamili, naye akaitikia kamili. Nikakata shauri hapo hapo: Mwarabu, Mwislamu, mjane, mwenzetu. Aliomba tuondoke Alhamisi. Nikamwambia Alhamisi nina kazi Carrollton mpaka alasiri. Jioni tutakuja kupakia, na Ijumaa tukiondoka saa mbili asubuhi, saa nane mchana yuko kwa bintiye.

"Kabla jua halijazama siku ya Ijumaa lazima niwe ndani ya nyumba, Saleh," akasema.

"Wallahi utakuwa ndani, na chai umeshakunywa."

Nikamsifu moyoni. Nikaona huyu ndiye mama wa kweli, Ijumaa yake anaiheshimu.

Alhamisi jioni, Richardson. Nilikwenda na mwenzangu wa kazi, Faustin, Mkongo wa Bukavu. Ni mtu wa miaka hamsini, kwao alikuwa mwalimu wa shule, huku anabeba friji. Mimi huniita Patron, yaani bosi. Nyumba ya Bi Naima ilinukia iliki tangu mlangoni. Alitupa chai ya rangi katika vikombe vidogo vya kioo, na kila neno lililomtoka la Kiarabu nililidaka: sanduku, kitabu, sukari, dakika. Nikajiona niko nyumbani. Mara Faustin akaguna kitu kwa Kifaransa juu ya uzito wa kabati, na yule mama akamjibu kwa Kifaransa safi! Kumbe utotoni alisomeshwa shule ya Kifaransa. Kuanzia hapo hao wawili wakawa hawana habari na mimi. Wanapakia huku wanacheka, mimi nimesimama na kamba mkononi kama mgeni katika lori langu.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Tulirudi kumalizia. Bi Naima alikuwa kwa jirani anaaga. Nikapita chumba hadi chumba na bisibisi yangu: fimbo za mapazia, ndoano, rafu. Mlango wa mbele nikaukagua mwisho. Kwenye mwimo, upande wa kulia wa anayeingia, palikuwa na kijikasha cha mbao chembamba, urefu wa kidole cha shahada, kimekazwa kwa skrubu mbili. Nikakitoa. Kifuniko cha nyuma kikafunguka, ndani mna kikaratasi cha ngozi kimekunjwa kama sigara, maandishi yake yamefifia.

Mtu wa pwani haambiwi hii ni nini. Hirizi ya nyumba! Bibi yangu alikuwa nayo juu ya mlango, na ya jirani yetu ilikuwa na zafarani. Herufi sikuzitambua, lakini chuoni mimi niliishia juzuu ya Amma, na hirizi za zamani hata mwalimu hazisomi. Nikafikiri kama fundi na kama Mwislamu. Hirizi ya nyumba huandikiwa nyumba, haihami. Hii imeshamaliza kazi yake. Nikiiacha, wageni watakaohamia wataitupa kwenye pipa la taka pamoja na jina la Mungu. Kwetu andiko lililokwisha kazi huzikwa au hutiwa baharini, na Richardson bahari hakuna. Nikakifunga kile kijikasha katika kitambaa changu cha mkono, kisafi, nikaenda kwenye kona ya bustani penye kichaka cha rozmari, nikachimba shubiri moja na nusu, nikakizika. Nikasema bismillahi. Nikanawa mikono. Sikumuuliza mtu, kwa sababu mwenye kujua haulizi.

Saa mbili kamili tukawasha lori. Bi Naima alitoka wa mwisho. Alisimama mlangoni, akagusa pale penye matundu mawili ya skrubu, akabusu vidole vyake, akaja akapanda. Nikaona anaaga nyumba. Alikaa katikati, mkoba mapajani, Faustin dirishani.

Saa tatu na nusu, Corsicana. Tulisimama kutia mafuta. Barabara kuu namba arobaini na tano inakwenda kusini imenyooka kama rula, kushoto majani makavu, kulia majani makavu, ng'ombe mmoja mmoja. Nilirudi na kahawa tatu, nimefurahi, tuko mbele ya wakati.

"Saleh," Bi Naima akasema, "sasa nipe ile ya mlangoni. Nataka niishike njiani."

"Ipi, Bi mkubwa?"

"Ya kwenye mwimo. Niliona umeshaitoa. Nikasema moyoni, huyu mtu anajua kazi yake, wala sikumwambia."

Ile sifa ilinipendeza kwa muda wa kumeza funda moja la kahawa.

"Ile hirizi?" nikauliza.

"Hirizi ni nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza vizuri, kwa Kiingereza changu cha kubeba sofa, habari ya jina la Mungu na pipa la taka na kitambaa kisafi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wa Faustin ulivyoniambia ninyamaze.

"Patron," akasema, "umefanya nini? Umezika mezuza ya Muyahudi?"

"Myahudi gani?"

"Huyu mama! Ni Muyahudi wa Bagdad. Ile kitu ni neno ya Mungu yao, wanaiweka pa mulango, ndiyo alama ya nyumba yao."

"Wewe ulijua?"

"Tangu jana. Aliniambiaka kwa Kifaransa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe unajuaka vyote."

Nimesimamia kazi miaka kumi na mbili, na huyo ndiye mtu wa kwanza kunifunga mdomo nikiwa nimeshika usukani.

Bi Naima hakupiga kelele. Aliangalia saa yake. Ndipo aliponifungulia jambo la Ijumaa. Siku yao ya kupumzika ni Jumamosi, nayo haiingii alfajiri, inaingia Ijumaa jua linapozama. Likishazama hapandi gari, hawashi moto, hagongi msumari. Hilo nililielewa upesi kuliko Mmarekani yeyote. Sisi wa pwani tunajua usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Jumamosi ni ule ambao watu wa bara huuita Ijumaa usiku.

"Tukienda mbele," akasema, "nitafika mapema bila ya hiyo. Tukirudi, huenda tukafika, huenda jua likatukuta njiani."

"Likitukuta njiani?"

"Nitashuka hapo hapo."

"Utashuka wapi, Bi mkubwa? Baina ya hapa na Houston ni misitu na maduka ya fataki."

"Viti si ninavyo nyuma? Utaniteremshia kimoja." Akafunga mkanda wake. "Rudi."

Mtaniuliza, mbona usipige simu mtu akaichimba? Mke wangu alikuwa zamu hospitalini. Na hata angekuwa nyumbani, mahali nilipozika nilipajua mimi peke yangu. Nikageuza lori la futi ishirini na sita, limejaa hadi dari, katika kituo cha mafuta ambacho wengine wangekwama. Nikarudi kaskazini.

Saa tano asubuhi, Richardson tena. Wenye nyumba wapya, familia ya Kivietnamu, walikuwa wameshafika, wanateremsha magodoro. Mzee wao alituona tunaingia bustanini na koleo, akatufuata, mikono mgongoni. Nikamwambia naomba kuchimba kidogo, kuna kitu nilikizika asubuhi.

Akatutazama mmoja mmoja, mimi, Mkongo, na yule mama aliyevaa vizuri. "Paka?" akauliza kwa upole.

"Hapana," Faustin akamjibu. "Neno."

Sijui alielewa nini, lakini alivua kofia.

Nilichimba kwa mikono, koleo niliona si adabu. Kitambaa kilikuwa na unyevu kidogo upande mmoja. Bi Naima akaifungua ile ngozi taratibu, akaipitisha mbele ya macho mstari kwa mstari, midomo inatembea. Mimi roho mkononi. Mwisho akaikunja, akaibusu.

"Ni kavu," akasema. "Nisikilize, Saleh. Sisi pia tunazika. Andiko likichakaa lisisomeke tena, tunalizika kama maiti, kwa heshima. Hukukosea desturi. Ila hili bado lina pumzi. Umemzika aliye hai."

Saa tano na nusu tukatoka mara ya pili. Desemba jua la Houston linazama saa kumi na moja na dakika ishirini na kitu, lakini Bi Naima akasema mishumaa ya Sabato huwashwa mapema kidogo, saa kumi na moja na dakika tano, na mishumaa ikishawaka kazi imekwisha. Nikapiga hesabu. Lori lililojaa, maili mia mbili na hamsini, na Ijumaa jioni ya Houston. Tutafika kwa dakika za kuokota chini.

Alimpigia bintiye, Rina, kwa simu yangu ya mkononi. Sauti ya Rina ilikuwa kubwa hata mimi nikaisikia: "Ndani, mama! Umeileta, sawa, lakini tutaiweka upande wa ndani wa mlango. Si nje."

Bi Naima akakata simu bila kuaga. Baadaye alitueleza. Mwezi uliopita Rina aliamka akakuta mtu amechora alama kwenye mlango wa gereji yao, kwa rangi nyeusi, na siku hiyo hiyo akaing'oa mezuza yake mwenyewe mlangoni.

"Alama gani?" nikauliza.

Akaichora kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi yangu, mistari iliyovunjika magoti, ile ya wale waliowaua Wayahudi kule Ulaya, halafu akaifuta kwa kiganja kabla sijaitazama vizuri.

Mwaka uliotangulia, baada ya kuangushwa yale majengo ya New York, mimi mwenyewe nilibandua kibandiko cha bismillahi kwenye kioo cha lori hili hili. Nilikibandua yadini, mchana mweupe, na nikimwona mtu najifanya nasafisha kioo. Sikumwambia hata mke wangu. Basi niliendesha nimekaza macho mbele.

Saa saba na nusu, baada ya Corsicana. Hapo ndipo habari za Bagdad ziliposimuliwa. Yeye anasema kwa Kifaransa, Faustin ananitafsiria kwa Kiswahili chao cha Kongo, na mimi naendesha.

"Anasema baba yake alikuwaka na duka ya vitambaa," Faustin akaanza. "Mezuza ilikuwaka pa mulango, kasha yake ya feza. Siku moja watu wakakuya, wengi sana, na visu na marungu. Yeye alikuwaka mutoto. Mujomba yake walimuuwa pa njia. Wao wakapanda pa paa, wakarukia kwa nyumba ya jirani."

"Jirani Myahudi?"

Faustin akauliza, akageuka. "Mwislamu. Mupika mikate. Aliwafichaka siku mbili nyuma ya magunia ya unga. Na anasema, andika hii vizuri kwa kichwa yako: wale wenye visu pia walikuwaka jirani."



Bi Naima akaendelea. Miaka kumi baadaye, akiwa msichana mkubwa, waliambiwa anayetaka kuondoka aondoke, ila atie sahihi kwamba hatarudi wala si raia tena. Sanduku moja la nguo kila mtu. Vitu vingine vitafuata.

"Vilifuata?" nikauliza mwenyewe kwa Kiingereza.

"Bado ninavisubiri," Bi Naima akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa kujiuliza kwangu kwa nini alikataa ndege.

Uwanja wa ndege waliwapekua mpaka visigino vya viatu. Lile kasha la fedha wakalichukua. Lakini ngozi haikuwamo. Mama yake aliisuka katika nywele za Naima alfajiri ile, msuko mmoja mnene hadi kiunoni. Afisa aliuvuta msuko, akacheka, akamwachia apite. Wakafika Israeli wakawekwa katika mahema, matope hadi kwenye vifundo, mwaka mmoja na zaidi. Baba yake akaichukua ile ngozi, akaifunga kwa kamba kwenye nguzo ya hema. Wenzake wakamcheka. Hema halina mlango, wakamwambia, una wazimu gani? Akawajibu, mimi natoka na kuingia hapa.

Hapo mimi nikashindwa kuvumilia. Mtu mwenye biashara hupenda kujua kitu kinafanya kazi gani. "Bi mkubwa, usinielewe vibaya. Bagdad ilikuwapo mlangoni, na watu waliingia. Haikuwalinda. Mbona mnaihangaikia hivi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini.

"Nani amekwambia ni ya kulinda?"

"Hirizi ni kinga."

"Hiyo ni yako. Hii si kinga. Hii inamwambia anayeingia hapa anakaa nani. Na sisi tunaotoka kila asubuhi, inatukumbusha." Akaupapasa mkoba. "Kukaa ndani na kusahau sisi ni nani, hapo wangekuwa wametumaliza bure, bila visu."

Saa tisa na robo, karibu na Huntsville. Mizani ya barabara ilikula dakika zetu kumi na tano. Mtu wa mizani alitaka karatasi zote, nikampa zote, zangu ziko sawa siku zote. Nilitaka kuendelea na safari bila kuswali, Bi Naima ndiye aliyeniambia, "Saleh, na wewe si una wakati wako? Nenda." Nikaswali swala ya safari, adhuhuri na alasiri pamoja, kwenye majani kando ya lori, na niliporudi Faustin alikuwa ameshapangusa vioo. Huntsville kuna sanamu jeupe refu kuliko misonobari, limesimama kando ya barabara na fimbo. Bi Naima hakuligeukia, alikuwa anatazama kivuli cha lori letu kinavyorefuka.

Saa kumi na robo, Houston. Magari yamesimama kama yameuzwa. Sasa niwaambie jambo moja bila aibu: katika Texas nzima madereva wanaoweza kulipitisha lori la futi ishirini na sita Ijumaa jioni katikati ya Houston bila kupiga honi hawazidi wanne, na mmoja anatoka Kibokoni kwetu. Nilitoka barabara kuu kabla ya wengine kufikiri, nikapita mitaa ya nyuma, maghala, reli, makanisa, nikaibukia kusini magharibi kwenye nyumba za matofali na mialoni mikubwa. Faustin anasoma ramani. Bi Naima anasoma saa. Saa kumi na moja kasoro dakika saba nikavuta breki mbele ya nyumba ya Rina.

Rina alikuwa barazani amevaa aproni, watoto wawili nyuma yake. "Mama! Nilidhani mmepata ajali!"

"Hakuna ajali. Tulirudi kufukua mtu."

Akateremka, akaenda moja kwa moja kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia. Mimi nyuma yake na drili, betri imejaa. Betri yangu mimi haijawahi kunifia kazini.

"Ndani, mama," Rina akasema. "Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na simu."

"Mama, wanaolala chumba cha mbele ni watoto wangu. Si wewe."

"Najua."

"Hujui. Hukuiona ile gereji. Huyu mdogo aliniuliza ni mdudu gani yule."

Nilisimama na drili juu kama mtu aliyeambiwa anyooshe mikono. Dakika kumi na moja zimebaki. Faustin akaangalia viatu vyake. Sikuwa upande wa yeyote, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki, na mimi nilijua nilichobandua yadini kwangu.

Bi Naima akashusha sauti. "Sikuombi usiogope, binti yangu. Mimi naogopa tangu nina miaka saba. Babu yako alipoifunga kwenye ile nguzo ya hema mikono ilimtetemeka hata fundo likamshinda. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Unadhani alikuwa shujaa? Alikuwa muuza vitambaa."

Rina aliutazama ule mkoba, akaitazama saa ya Faustin. Kisha akanyoosha mkono sikioni kwangu, akatwaa penseli niliyokuwa nimeichomeka, akatia alama kwenye mwimo. Kwa nje.

"Hapa," akasema. "Na iwe mshazari. Kwa akina mume wangu huweka mshazari."

"Mshazari!" Bi Naima akaruka. "Kama picha iliyochoka? Bagdad tuliiweka wima."

"Hapa si Bagdad."

"Ndiyo maana nimebeba ya kwangu!"

"Mume wangu atasema—"

"Mume wako na aseme. Alipooa kwetu hakujua?"

Wakaendelea hivyo, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa lugha nyingine nisiyoijua, wima, mshazari, wima, vidole hewani. Na mimi nikatambua kwamba habari ya ndani na nje hakuna anayeitaja tena. Faustin akaninong'oneza, "Patron, weka, jua linaenda."

Nikatoa pimamaji yangu. Fundi haweki kitu kwa macho. Tone likatulia katikati kabisa, nikatoboa, nikakaza skrubu mbili. Wima.

"Saleh ameamua," Bi Naima akasema.

"Saleh ana pimamaji inayojua wima tu," Rina akajibu, lakini meno yalikuwa nje.

Mama akasoma dua yake fupi, watoto wakaitikia amina, nami nikaitikia, neno lile lile. Wakakimbilia ndani kuwasha mishumaa. Zilibaki dakika mbili.

Jioni ile hatukuteremsha kitu. Siku yao ilikuwa imeingia. Mimi huyu ambaye sijawahi kumlaza mteja na vitu vyake garini, nililiacha lori limejaa siku mbili mbele ya nyumba ya mtu. Walitukaribisha chakula, wali na kuku wenye viungo ambavyo ungedhani vimetoka jikoni kwetu, na Faustin akaulizwa habari za Bukavu na waliyoyakimbia huko, akasimulia mambo ambayo kwa miaka minne ya kubeba naye sofa sikuwahi kumwuliza. Tulilala kwa rafiki yangu Mzanzibari upande ule ule wa mji.

Jumapili, saa nne asubuhi. Tulimaliza kuteremsha, kikombe hata kimoja hakikuvunjika. Nilipokuwa nakunja mablanketi nyuma ya lori, nikamwona Rina anatoka kwenda garini na watoto. Wale wadogo walirukia ile mezuza, mmoja akimbeba mwenzake, wakabusu vidole, wakapita. Rina akabaki mlangoni peke yake. Akaangalia mtaa kushoto, akaangalia kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Halafu akainua mkono akaigusa.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, lori tupu linaruka ruka. Faustin alisinzia tangu Conroe. Mimi nikawa nafikiri, na nitawaandikia nilichokileta kutoka Houston, maana zawadi nyingine sikununua.

Siku zote nilidhani mtu imara ni yule asiye na hofu. Hivyo ndivyo nilivyojihesabu mwenyewe, na hivyo ndivyo nilivyowasimulia nyinyi kila nilipokuja likizo. Sasa nimewaona watu waliofukuzwa wakaambiwa vitu vitafuata, waliofunga jina lao kwenye nguzo ya hema, na hofu hawakuiacha popote, wameihamisha pamoja na sufuria. Yule binti mkono ulikuwa unamtetemeka, nimeuona kwa macho yangu kutoka nyuma ya lori. Ulitetemeka, na ulifika.